Breki

Tramu haisimamishwi kwa kishindo.
Hilo nilifundishwa nina miaka ishirini na mitatu
kwenye karakana ya Łódź, na mkufunzi mwenye mafua ya kudumu:
"Ukikanyaga ghafla, Bogumiła, wewe umeketi, utabaki umeketi.
Atakayelipa ni aliyesimama na mfuko wa mayai."

Basi ilikuwaje daktari wa kwanza akaniandikia
nusu kwa wiki mbili, kisha acha?
Mstari mmoja. Chini yake muhuri.
Nikaacha.

Siku ya nne, cheche.
Maumivu siyo. Nisemeje?
Ule mkono wa chuma juu ya paa la tramu
ukipita penye waya ulioganda, alfajiri ya Januari:
tsi! mwanga wa buluu, taa za ndani zinakonyeza,
abiria wanainua macho, wanayarudisha gazetini.
Ndiyo hivyo, ila ndani ya fuvu,
kila nilipogeuza macho kutazama kioo cha pembeni.
Tsi! kituo. Tsi! mtoto na baiskeli yake.
Nilishuka kitini siku ileile
kabla hajatokea wa kunishusha.

Kisha usiku usio na usingizi hata wa kuazima,
jasho, kichefuchefu,
nikamlilia kabichi kama niliyefiwa naye,
nikamrushia Zenon kijiko kwa kosa la kukoroga chai.
Shemeji akatoa hukumu mlangoni, hajavua hata koti:
"Si unaona? Ugonjwa umerudi."

Lakini ugonjwa wangu naujua mwendo wake.
Huja kama ukungu, hauna haraka,
huanza kwa kuuondolea mkate ladha.
Haujawahi kuja na umeme.

Daktari Piechota alisikiliza mpaka mwisho.
Akanirudishia dozi yangu. "Kwanza tutulie," akasema,
"kushuka kutakuja, na tutashuka wote."
Siku tatu, cheche zikanyamaza.
Tukangoja majira ya kuchipua.

Haba na haba hujaza kibaba, husema wanaojaza.
Mimi nilikuwa wa kukipunguza.
Mfamasia alinionya: vipo vidonge visivyofunguliwa,
usifungue usichokiuliza. Hiki changu kinafunguka.
Sahani nyeusi, maana chembe ni nyeupe.
Kibano cha Zenon cha stempu.
Mia mbili na kumi na mbili, nilizihesabu mara mbili.
Mwezi wa kwanza nikatoa ishirini na moja,
wa pili kumi na tisa,
wa tatu kumi na saba:
sehemu ya kumi ya kilichobaki, si ya kilichokuwa.
Daftari la mistari, kalamu ya risasi:
*usingizi saa tano. cheche mbili. nimecheka.*

Novemba mama alikufa.
Nikapanda tena hatua mbili, nikakaa huko mpaka theluji ikaisha.
Shemeji akatikisa kichwa. Atikise.
Hata tramu ina gia ya nyuma.

Sasa ni msimu wa baridi wa tatu.
Nimerudi kitini, njia fupi, zamu ya mchana.
Zimebaki kumi na saba, na sizitoi tena kumi kumi,
natoa moja, nangoja, nasikiliza.
Nilidhani mwishoni mtu huteleza tu kama kwenye mteremko.
Kumbe mita za mwisho ndizo zenye reli kali.
Labda nitafika sifuri. Labda nitaishi na chembe tano,
na Piechota anasema hilo nalo ni kituo.

Jana usiku moja ilidunda, ikapotea chini ya jiko.
Tukapiga magoti wote wawili na tochi,
vitambi vyetu, magoti yetu ya miaka hamsini na tisa,
nusu saa, tukitafuta kitu kidogo kuliko punje ya mtama.

"Chembe moja tu," akasema Zenon, akihema.
"Kweli itakudhuru nini?"

Kamuulize, nikamwambia,
yule mwenye mayai.